Grainda ya kucha za mbwa kwenye vikwaru vya jogoo: niliyoyaona baada ya kuitumia

Kifaa ninachokizungumzia hapa ni ile mashine ndogo ya kuchaji, yenye kichwa kinachozunguka, inayouzwa kwa ajili ya kusugulia kucha za mbwa na paka. Mimi sifugi mbwa. Niliinunua kwa ajili ya jogoo, na sasa inakaa kwenye boksi la vifaa vya kuku pamoja na mkasi, glavu na iodini. Jibu langu kwa anayetaka kujua haraka: inafanya kazi, na kwa jogoo mzima mwenye vikwaru virefu sijapata kifaa kilicho salama kuizidi. Lakini ina kasoro zake, na yapo mambo ambayo hutayakuta kwenye karatasi ya maelezo, kwa sababu aliyeitengeneza hakuwa akimfikiria kuku.

Nieleze kwanza kwa nini niliitafuta. Jogoo wangu mkubwa si mkorofi. Ni mpole kwa watu, anawaita mitetea wake akiona punje nzuri na kuwaachia wale kwanza. Vikwaru vyake, ile miiba inayoota nyuma ya mguu juu kidogo ya kidole cha nyuma, vilikuwa vimefika urefu wa kidole changu cha mwisho, vimepinda kuelekea juu na kuchongoka nchani. Yeye mwenyewe havikumsumbua. Madhara yalikuwa kwa mitetea. Mmoja wao, mwekundu, ambaye ndiye anayependwa zaidi na jogoo, alianza kujitenga huku ameshusha bawa moja. Ukimtazama kwa juu huoni kitu, manyoya yote yamekaa mahali pake. Nilipoliinua lile bawa nilikuta ngozi ya ubavuni imepasuka, kingo za jeraha zimejikunja kwa ndani na nyama inaonekana, na manyoya madogo ya chini yamegandamana kwa damu iliyokauka.

Majeraha ya aina hii ndiyo yanayoua mitetea kimyakimya. Jogoo anapompanda mtetea hushika manyoya ya shingo kwa mdomo, husimama mgongoni na kukanyagakanyaga ili asidondoke. Akiwa mzito, au mtetea akichechemea, miguu huteleza ikashuka ubavuni, na hapo kucha na vikwaru hupita juu ya ngozi iliyo nyembamba mno. Bawa likirudi chini, jeraha limefichika. Nzi hawadanganyiki, hali ya hewa ikiwa ya joto mayai yao huanguliwa ndani ya siku moja tu, na unachokuja kukuta ni funza. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, chukua mitetea wako mmoja mmoja, uinue mabawa yote mawili, upekue hadi kwenye ngozi. Mpasuko unaoonyesha nyama ni kazi ya daktari wa mifugo. Mwekundu wangu alishonwa, akatengwa, akapona vizuri, na sasa anataga.

Ili uelewe kwa nini kifaa gani kitumike ni jambo kubwa, inabidi ujue kikwaru ni kitu gani. Nje ni ganda gumu la keratini, ile ile inayotengeneza kucha na nywele. Ndani kuna kiini cha mfupa kilichoungana na mfupa wa mguu, na kiini hicho kiko hai: kina damu na kinahisi maumivu. Ganda huendelea kukua maisha yote ya jogoo. Jogoo kijana ana kinundu tu nyuma ya mguu. Kadiri anavyokomaa kinundu kinakuwa kigumu, kinarefuka na kuanza kupinda. Kwa majogoo wazee wengine hupinda mpaka kinagusa mguu na kumfanya achechemee. Kwa hiyo kazi yetu ipo kwenye lile ganda lililotangulia mbele ya kiini, na kifaa chochote kinachotetemesha, kupasua au kuchoma mpaka ndani hakifai, hata kama kinamaliza kazi kwa dakika moja.

Nimeshatumia au kushuhudia karibu kila njia. Kikata kucha cha mbwa chenye tundu hakipokei kikwaru cha jogoo mzima, tundu ni dogo. Kile cha aina ya mkasi kinaingia, lakini kinabana kabla ya kukata, na ganda lililokauka hupasuka kwa urefu. Ule ufa unaweza kukimbilia kule kwenye mguu ambako hukutaka kabisa ufike. Msumeno wa chuma unakata vizuri, ila mguu mzima hutikisika na jogoo hawezi kutulia. Tupa ya mkono naipenda na sijaiacha. Ni salama, haina kelele, lakini kwa kikwaru kinene ni kazi ndefu, na jogoo anachoka kushikwa kabla hujamaliza upande mmoja.

Halafu kuna kiazi cha moto. Watu huchoma kiazi, wakakichomeka kwenye kikwaru kikiwa bado cha moto, wakasubiri ganda lilegee kisha walizungushe kwa koleo mpaka ling'oke zima. Wengine huruka kiazi na kuanza moja kwa moja na koleo. Najua wapo wanaosema jogoo wao hawakuonyesha maumivu. Siikubali njia hii. Kiazi kinachogusa mguu kinaunguza ngozi, na ganda likishatoka kinachobaki wazi ni kile kiini chenye damu, laini, ambacho kitamwuma siku kadhaa mpaka kikauke, huku kuku wengine wakivutwa na rangi nyekundu na kukidonoa. Kuku huficha maumivu. Kutulia kwake mikononi mwako si ushahidi kwamba haumwi. Daktari anaweza kuwa na sababu ya kuondoa ganda zima. Mimi wa nyumbani sina.

Kilichonifanya nihamie kwenye grainda si kasi yake. Ni umbo la ncha inayobaki. Kinachomchana mtetea ni ncha kali, na ukikata kikwaru kwa mkasi au msumeno unapata kisiki bapa chenye ukingo mkali kuzunguka. Kifupi, ndiyo, lakini ule ukingo bado unakwaruza. Grainda inasugua ncha pande zote mpaka inakuwa butu na laini, na kikwaru kilichobaki kirefu kidogo lakini butu ni salama kwa mtetea kuliko kifupi chenye makali. Nikiulizwa nichague kati ya ufupi na ubutu nitachagua ubutu kila mara, na ndiyo sababu sihitaji kukaribia kiini.

Sasa mashine yenyewe. Ni nyepesi, inakaa vizuri kiganjani, na inachajiwa kwa waya kama wa simu. Yangu ina kasi mbili. Ilikuja na vichwa viwili: kimoja cha jiwe lenye chembe za almasi, kingine cha mpira kinachovishwa pete ya msasa. Kile cha almasi kinadumu, ila kwenye kikwaru kinajaa vumbi haraka na kuanza kuteleza. Kila baada ya muda mfupi nakisugua kwa mswaki wa zamani. Pete ya msasa mkwaruzo inakula keratini vizuri zaidi, lakini inachakaa upesi. Nunua pete za akiba siku ile ile, na hakikisha kipenyo chake kinalingana na kichwa chako, kwa sababu nyingine huwa pana kidogo na huchomoka zikiwa zinazunguka.

Kifuniko cha usalama kinachokuja nayo, chenye matundu ya saizi mbalimbali, kimetengenezwa kwa kucha za mbwa. Kikwaru hakipiti. Nimekiondoa moja kwa moja. Maana yake kichwa kinachozunguka kiko wazi, na manyoya yanaweza kujiviringisha hapo. Kwa jogoo wenye miguu yenye manyoya nakata kipande cha soksi kuukuu, natoboa tundu dogo, napitisha kikwaru nje na soksi inabaki imeyazuia manyoya nyuma. Nywele zangu nazifunga.

Kazi hii naifanya usiku. Jogoo akishapanda kichanjani na giza limeingia anachukulika bila vurugu. Mume wangu ndiye anayemshika: amemviringisha taulo mabawa yakiwa ndani, amempakata ameelekea nyuma, miguu miwili inatokeza upande wangu. Taulo lisibane kifua. Kuku hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kama sisi. Anavuta hewa kwa kupanua na kushusha mfupa wa kifua, na ukimkandamiza pale unamnyima pumzi hata kama pua iko wazi. Kwa sababu hiyo hiyo hatumlazi chali muda mrefu. Mimi nashika mguu kwa kidole gumba na cha shahada chini kabisa ya kikwaru, ili mtikisiko uishie kwenye vidole vyangu na usifike kwenye goti lake. Tochi naivaa kichwani. Mashine ina taa yake ndogo, na kusema kweli inasaidia, lakini haitoshi.

Naiwasha kwanza ikiwa mbali, ingurume kidogo, aizoee sauti. Mara ya kwanza aliinua kichwa na kukaza miguu. Nilisubiri mpaka akalegea. Kisha nagusa ncha kwa kasi ndogo, sekunde mbili au tatu, naondoa, napapasa kwa kidole. Hapa usifanye haraka. Msuguano unazalisha joto, na ganda la kikwaru hupitisha joto hilo mpaka ndani. Utasikia harufu ya nywele zinazoungua. Harufu ikiwa kali, pumzika. Vumbi linalotoka ni jeupe, jepesi sana, linaning'inia hewani. Vaa barakoa na miwani, na fanya kazi nje ya banda ili wale waliolala wasilivute.

Kadiri ncha inavyoliwa, tazama katikati yake. Ganda peke yake ni kavu na lina rangi moja. Ukiona katikati panatokeza doa la rangi tofauti, au unyevu, umefika. Simama hapo hapo. Kwa kikwaru chenye rangi nyepesi unaweza kuweka tochi nyuma yake na kuona kivuli cha kiini kinaishia wapi. Kwa miguu myeusi mwanga haupenyi, kwa hiyo unakwenda kwa tahadhari tu. Mimi naondoa robo ya urefu, mara chache theluthi, na siendelei zaidi kwa mkao mmoja. Kikiwa bado kirefu narudia baada ya wiki chache. Pembeni daima kuna unga wa kugandisha damu, ule wa kucha za wanyama. Usipokuwa nao, wanga laini wa mahindi pamoja na kubonyeza kwa kitambaa safi dakika kadhaa husaidia. Aliyetoka damu analala peke yake mpaka pakauke, vinginevyo asubuhi wenzake watamdonoa.

Muuzaji niliyenunua kwake aliniandikia kwamba mashine hii haiwezi kamwe kumtoa mnyama damu. Si kweli. Ukikomaa nayo inafika kwenye kiini kama kifaa kingine chochote. Ubora wake ni kwamba inafika polepole, na unaona unakoelekea.

Malalamiko yangu makubwa ni betri. Ilipokuwa mpya ilimaliza vikwaru vyote viwili na kucha zote kwa chaji moja na bado ikabaki na nguvu. Sasa ukiibonyeza kidogo inapunguza mwendo, na ukizidi inasimama kabisa. Kusimama kwenyewe si kubaya, kunakuzuia usikandamize, lakini kukatika katikati ya kazi huku jogoo ameshashikwa kunaudhi. Betri imezibwa ndani, haibadilishiki. Kwa kifaa kinachokaa karibu na vumbi na kutumika mara chache chache kwa mwaka, ningetaka niweze kuifungua na kuibadili. Kasoro nyingine ni kitufe cha kuwasha: kipo pale pale gumba linapokaa, nami nimekuwa nikiizima bila kukusudia.

Mitetea je? Maana wao ndio sababu. Tangu vikwaru viwe butu sijakuta mpasuko mpya chini ya bawa la yeyote, na nawakagua kila wiki. Hilo peke yake linanitosha kuisifu mashine. Lakini migongo yao bado ina vipara, na hapa nataka niwe wazi kwa anayetarajia makubwa: grainda haizuii manyoya kunyonyoka. Manyoya ya mgongoni huvunjwa na kukanyagwa na vidole, wala si vikwaru. Unyoya uliong'oka mzima huota upya mapema. Uliovunjika ukabaki kijiti kwenye ngozi husubiri mpaka kuku abadilishe manyoya, na vile vijiti humchoma kila anapopandwa.

Kwa hiyo niliongeza vitu viwili. Cha kwanza hakikunigharimu: kwa mashine ile ile nilisugua kucha za vidole vya jogoo, nikaondoa makali tu bila kuzifupisha, kwani asipopata pa kujishikia atateleza zaidi na kuumiza zaidi. Nadhani hili limesaidia karibu sawa na vikwaru vyenyewe, na nashangaa halisemwi sana. Cha pili ni aproni za kuku, vile vitambaa vinavyovalishwa mgongoni kwa mikanda ya lastiki inayopita chini ya mabawa. Za turubai ya pamba zenye tabaka mbili ni nzuri kuliko zile nyembamba, ambazo hujikunja na kuacha mgongo wazi. Siku ya kwanza mtetea hutembea kinyumenyume akijaribu kuivua, wengi huzoea. Chunguza mikanda kama haikati ngozi, na uivue mara kwa mara uangalie chawa na utitiri, maana chini ya kitambaa ndiko wanakopenda. Lakini jueni kwamba aproni inafunika mgongo. Ubavu chini ya bawa, pale mwekundu wangu alipopasuka, haiufikii. Anayenunua aproni akaacha vikwaru vimechongoka amelinda manyoya na kuiacha nyama.

Na hakuna kifaa kitakachofidia hesabu mbaya bandani. Jogoo mmoja anahitaji mitetea 8 hadi 12 hivi. Ukiwa na watatu tu, au majogoo wawili wanaogombea kundi dogo, mitetea watachakaa hata vikwaru viwe laini namna gani. Na hata hesabu ikiwa nzuri, jogoo ana wapenzi wake. Mwekundu huwa namtoa kundini siku mbili tatu anapoanza kuonekana amechoka, pamoja na rafiki yake mmoja ili asiwe mpweke.

Nani anunue? Kama jogoo wako ni kijana na vikwaru bado ni vinundu au vimechomoza kidogo, usinunue. Chukua tupa, msugue ncha kila mwezi akiwa kichanjani, atazoea kushikwa miguu na huenda usiihitaji mashine kamwe. Kama una jogoo mzima, au zaidi ya mmoja, au ulirithi mzee mwenye vikwaru vilivyojikunja, inafaa, alimradi upate mtu wa kukushikia. Peke yako usijaribu: mkono mmoja wa mashine, mmoja wa mguu, na hakuna wa kumtuliza ndege. Mitetea wazee nao wakati mwingine huota vikwaru, na kwao naitumia vilevile, kwa kasi ndogo na kichwa cha almasi.

Mimi narudia kila baada ya miezi miwili au mitatu, nikiona ncha inaanza kuchongoka tena. Yangu ikifa nitanunua nyingine ya aina hiyo hiyo, isipokuwa nitatafuta yenye betri ya kubadilisha na kitufe kilichokaa ubavuni.